Chai ya Gololi

Watu wa Arusha tumepata kupenda vinywaji vingi, na kila kinywaji kilikuja na biashara yake. Nilipokuwa kijana, mbege haikuwa na duka. Ilinywewa uani kwa yule aliyeipika, na sifa zake zilikwenda kwa mdomo: ya mama huyu ni nzito, ya yule imechachuka mno. Chai ya maziwa ilikuwa ya hotelini, na hoteli maana yake ilikuwa kibanda chenye benchi mbili, birika jeusi kwa moshi na sinia ya mandazi. Soda zilitufikia kwa makreti juu ya malori. Miaka ya 1990 kampuni ya hapa hapa mjini, Banana Investments, ikaanza kutia pombe ya ndizi ndani ya chupa na kuiita Raha, nasi tukashangaa kuona kinywaji cha nyumbani kimevaa lebo. Baadaye yakaja maduka ya kahawa yenye viti laini, ambako kikombe kimoja huuzwa kwa bei ambayo zamani ingenunua kilo nzima ya kahawa kwa mkulima wa mlimani.

Katika mabadiliko yote hayo liko swali moja ambalo nimeona watu wakiliruka. Hubishana juu ya utamu, bei na usafi. Aghalabu hawaulizi: kikombe kikishaoshwa, fedha imekwenda kwa nani?

Swali hilo lilinifikia nyumbani kwangu Tengeru mwaka 2025, siku chache baada ya Pasaka. Mjukuu wangu, binti aliyesomea uhasibu, alikuja na bahasha. Baada ya shikamoo na marahaba akaniwekea mezani karatasi zenye picha za vikombe vya plastiki vilivyojaa chai ya rangi ya udongo, na chini ya kila kikombe vidude vyeusi vya mviringo kama gololi za watoto.

"Babu," akasema, "hii ndiyo chai wanayokunywa vijana dunia nzima. Nataka kufungua duka lake Arusha."

Kampuni aliyokuwa ameiandikia ni ya nje, na jina lake sitalitaja kwa kuwa haikunikosea lolote. Ilikuwa tayari kumpa haki ya kutumia jina lake, rangi zake na mapishi yake. Naye alitakiwa kulipa ada ya kuingia, kununua mashine zao, na kuagiza kwao majani, unga wa maziwa, gololi, vikombe na hata mirija. Benki ingemkopesha sehemu kubwa ya fedha hizo kama angepata dhamana. Dhamana aliyoifikiria ilikuwa hati ya shamba langu.

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aniachie karatasi. Mwalimu aliyestaafu ana kazi moja iliyobaki, nayo ni kusoma kabla ya kusema.

Hebu tuanze na kinywaji chenyewe. Chai hii ilizaliwa Taiwan katika miaka ya 1980. Maduka mawili, Chun Shui Tang la mji wa Taichung na Hanlin la mji wa Tainan, kila moja lilidai kuwa ndilo lililoibuni. Walipelekana mahakamani, na shauri likachukua miaka kumi. Mwaka 2019 mahakama ikaona kwamba kinywaji hiki mtu yeyote aweza kukitengeneza, hivyo hapakuwa na haja ya kuamua nani alitangulia. Nilipofika hapo niliweka alama kwa kalamu nyekundu. Kama mtu yeyote aweza kukitengeneza, basi mjukuu wangu alikuwa akiombwa kununua nini?

Gololi zenyewe ni wanga wa muhogo. Wanga hukandwa kwa maji ya moto na sukari, huviringwa, huchemshwa mpaka ulainike na kuvutika kama ubani, kisha hutiwa ndani ya chai ya maziwa yenye barafu na kufyonzwa kwa mrija mpana. Mtu wa huku hatashangaa sana kuambiwa kwamba kinywaji chaweza kutafunwa. Uji wetu una punje, mbege ina machicha, na watu wa Mombasa na Unguja wana faluda yao yenye mbegu ndani ya maziwa. Kilichonishangaza ni safari ya muhogo. Zao hili lilitoka Brazil na Wareno wakalileta Afrika. Leo Tanzania ni miongoni mwa walimaji wakubwa wa muhogo katika bara hili, lakini nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nje wanga wake ni Thailand. Mwaka 2017 serikali yetu ilitia sahihi makubaliano na China ya kupeleka huko muhogo mkavu. Kwa hiyo yawezekana kabisa muhogo ukatoka kwetu ukiwa makopa na ukarudi siku moja ukiwa gololi, ndani ya pakiti yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma, kwa bei tusiyoipanga sisi.

Sasa biashara. Mnyororo mkubwa kuliko yote wa maduka ya namna hii ni Mixue wa China. Mwanzilishi wake, Zhang Hongchao, alianza mwaka 1997 katika mji wa Zhengzhou kwa kuuza barafu iliyoparuzwa. Hadi mwisho wa mwaka 2024 maduka yenye jina hilo yalikuwa yamepita 45,000, na Machi 2025 hisa za kampuni zikaanza kuuzwa katika soko la Hong Kong. Ukisikia hivyo utadhani mtu huyo ana maduka 45,000. Hana. Karibu yote ni ya watu wengine, watu kama mjukuu wangu, waliolipia haki ya kutumia jina. Na mapato ya kampuni, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi, hutokana na kuwauzia watu hao malighafi na mashine. Ukiitazama vizuri, kampuni hiyo haimuuzii chai yule kijana mwenye kiu. Mteja wake hasa ni mwenye duka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1899 mwenye Coca-Cola, Asa Candler, aliwapa watu wawili haki ya kutia kinywaji chake katika chupa karibu Marekani nzima, kwa bei ya dola moja. Wengi wamemcheka kwa dola hiyo. Lakini kila chupa iliyojazwa ilihitaji maji yake ya sukari yenye ile siri, na hayo yalitoka kwake. Jasho la kuosha chupa, kununua magari na kutafuta wateja likawa la wengine. Mpango wa namna hiyo ndio uliosambaza soda duniani, hata zile tulizokunywa Arusha kwa miaka mingi zikitoka kiwanda cha Bonite pale Moshi.

Siku ya pili nilimwita mjukuu wangu, nikafungua daftari la mazoezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilimwambia tufanye hesabu ya darasa la saba, tena kwa tarakimu za kubuni ili tusigombane.

Tuseme kikombe kinauzwa shilingi 6,000. Tuseme malighafi yake kutoka kwa kampuni ni shilingi 3,000. Zinabaki 3,000. Kwa mwezi ana kodi ya chumba karibu na Mnara wa Saa shilingi 800,000. Mishahara ya wasichana wawili 600,000. Umeme, maji, ulinzi na leseni 400,000. Na rejesho la benki 900,000. Jumla ni 2,700,000. Gawa kwa 3,000. Ni vikombe 900 kwa mwezi, yaani 30 kila siku pamoja na Jumapili, kabla hajapata shilingi moja ya kununulia viatu. Katika vikombe hivyo 900 yeye amepata sifuri, na kampuni imekwisha kumuuzia malighafi ya shilingi 2,700,000.

Kisha nikaongeza mstari mmoja. Kampuni ikipandisha malighafi kwa shilingi 500 tu, naye akashindwa kupandisha bei kwa sababu bei imeandikwa kwenye bango la kampuni, atahitaji vikombe 1,080, yaani 36 kwa siku. Na kama shilingi yetu ikishuka mbele ya dola, hesabu itabadilika bila mtu yeyote kumpigia simu.

"Na Julai je?" nikamwuliza. Msomaji asiyeijua Arusha afahamu kwamba mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu ya Mlima Meru hushuka mpaka juu ya mapaa, na watu hutembea wamevaa makoti mpaka saa sita mchana. Chai ya barafu katika ukungu ule itanunuliwa na nani?

Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu, nami napenda kuandika majibu yake kwa haki maana hayakuwa ya mtoto.

"Babu, nyinyi walimu mlifundishwa kuiogopa biashara."

Ni kweli. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967 nilikuwa mwanafunzi, na nilipoanza kazi kiongozi alikatazwa kuwa na hisa au nyumba ya kupangisha. Tulijifunza kumtazama mfanyabiashara kwa jicho la pembeni.

"La pili," akasema, "unahesabu kama vile jina halina thamani. Ukiingia duka lile Nairobi, ukaingia Dubai, ladha ni ile ile, choo ni safi, kijana aliyekuhudumia amefundishwa. Nani amewahi kuwafundisha wasichana wa hoteli zetu?"

Hapo alinigusa. Nilitumia miaka yangu mingi katika chuo cha ualimu kabla na baada ya kuwa mwalimu mkuu, na chuo cha ualimu ni nini kama si kiwanda cha usawa? Tulimchukua kijana wa Monduli na kijana wa Mbulu, tukawapa mtaala mmoja, tukawafundisha kuandika andalio la somo kwa namna moja, ili mtoto wa kijiji chochote apate somo lile lile. Sikuona ubaya. Hata leo sioni. Kenya wana Java House, mnyororo wa mikahawa ulioanza na duka moja Nairobi mwaka 1999 na ukaenea hadi Uganda. Umefundisha vijana wengi kupika kahawa vizuri na kumpa mteja risiti bila kununa. Lakini hata huko nina neno. Mwaka 2017 mnyororo huo ulinunuliwa na Abraaj, kampuni ya uwekezaji ya Dubai, na mwaka uliofuata Abraaj ikaanguka. Mikahawa iliendelea kuuza kahawa, na wahudumu waliendelea kufuta meza, huku wenye kuimiliki wakibadilishana mbali kabisa. Aliye katika mnyororo huenda asijue mwisho wake umefungwa kwenye mti gani.

"La tatu, babu, vijana wa mji huu wakitaka kukaa pamoja jioni, wana baa. Mimi nataka kuwapa mahali pengine."

Hilo sikuwa na jibu lake, na sijalipata mpaka leo. Nimezika wanafunzi wangu wawili ambao pombe iliwamaliza kabla hawajafika arobaini. Mtu akitaka kufungua mahali ambapo vijana watakunywa chai, mimi ni nani nimpinge kwa hesabu za daftari?

Lakini shamba ni jambo jingine, na hapa nilimweleza habari ambayo wajukuu huiona kama hadithi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wazee wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kutoa malalamiko yao. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile, lakini dunia ilisikia. Mimi nilikua nikisikia watu wazima wakihesabu nani alitoa mbuzi na nani alitoa shilingi ngapi. Baada ya hayo, mtu wa mlima huu haandiki hati yake rehani kwa sababu ya mrija mpana.

Liko na jambo la kahawa. Ada yangu ya shule ilitoka katika mibuni ya mama yangu. Tuliichuma, tukaikoboa, tukaianika, tukaipeleka. Nyumbani tulikunywa chai. Kahawa yetu ilikwenda mnadani Moshi, na baada ya hapo hatukuijua tena. Chama kimoja cha ushirika kilichokuwa kikitununulia kilitulipa msimu mmoja kwa vipande vipande, na sehemu ya mwisho haikufika hadi mama akafariki. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa mwanzo wa mnyororo, na anayekaa hapo hupewa kilichobaki baada ya wote kujikatia. Mjukuu wangu alikuwa akitaka kwenda kukaa mwisho wake wa pili, kwa mnywaji, na kwa hesabu yangu huko nako palikuwa pa mabaki. Fungu nono lilikuwa katikati, kwa mwenye jina na ghala.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: hati sitoi. Lakini niko tayari kutoa fedha za maziwa ya miezi mitatu, bila riba, ajaribu kutengeneza chai ile mwenyewe. Mahakama ya Taiwan imekwisha kumruhusu.

Alikasirika. Wiki mbili hakuja. Kisha akaja na gunia la muhogo mtamu.

Jiko la bibi yake likawa maabara. Alikuna muhogo, akaukamua ndani ya kitambaa, akaacha maji yatulie hadi wanga ukakaa chini mweupe kama chaki, akauanika juani. Mara ya kwanza aliukanda kwa maji baridi, ukamtiririka mikononi. Akajifunza kwamba maji sharti yachemke, akachemsha pamoja na sukari guru, ukashikana. Gololi za kwanza zilikuwa nzuri jioni, na asubuhi zilikuwa ngumu kama mbegu za mkwaju. Akajua ni za siku hiyo hiyo tu. Majani alinunua ya Mufindi dukani, maziwa kwa majirani, tangawizi sokoni.

Mwezi Juni akaweka meza siku ya Jumamosi, siku ya soko la Tengeru, karibu na njia wanayopita wanachuo. Ukungu ulikuwa hadi chini. Aliuza vikombe tisa, na viwili kati ya hivyo nilinunua mimi. Jumamosi ya pili saba. Ya tatu akaacha barafu nyumbani. Akatia gololi ndani ya chai ya moto ya maziwa na tangawizi, akaiuza kwa kijiko badala ya mrija. Siku hiyo ziliisha kabla ya saa nane. Nilimwuliza kama karatasi za ile kampuni zingemruhusu kufanya hivyo. Akacheka, akasema mwongozo wao una kurasa nzima kuhusu ukubwa wa vipande vya barafu.

Hadi ninapoandika haya bado ana meza, sasa siku tatu kwa wiki, na joto likiwapo huuza za baridi. Daftari lake huniletea kila mwisho wa mwezi. Faida ipo, ni ndogo, na ni yake. Lakini bado hatujakubaliana. "Babu," huniambia, "meza moja haiajiri mtu." Ni kweli. Mshahara wa mtu mzima hautoki katika sufuria moja, na nchi haijengwi kwa sufuria moja moja.

Mwezi uliopita alikuja na wazo jipya. Anataka jiko moja kubwa nyumbani, litoe wanga, gololi na chai iliyokolezwa, kisha meza tano: Usa River, Tengeru, Sakina, Njiro na karibu na Soko Kuu. Meza zitakuwa za wasichana wengine, watakaonunua vitu kwake na kutumia jina lake. Nilitazama hesabu yake. Ilikuwa safi, na faida kubwa ilikuwa jikoni, kama inavyopaswa kuwa kwa aliyesoma somo lile kwa makini.

Nilimsifu, kisha nikachukua kalamu nyekundu. Nikamwandikia pembeni maswali mawili. Ukipandisha bei ya gololi, wale wasichana watano watakuja kumlalamikia nani? Na baada ya miaka mitano, kitakuwa chao nini?

Alilisoma daftari muda mrefu. Akasema anahitaji wiki moja ya kufikiri. Nimempa mbili, maana swali lile halijajibiwa vizuri Zhengzhou, wala Nairobi, wala katika ushirika wetu wa kahawa. Akilijibu, hati ya shamba itabaki kabatini palepale, lakini yale maziwa ya miezi mitatu nitamwongezea yawe ya mwaka.